Ninafundisha Kiingereza Masaka, na Kiswahili changu hakinisaidii darasani: naomba ushauri

Mgeni wa Tanga ameuliza:

Hamjambo ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza kutoka Tanga, na huu ni mwezi wangu wa pili katika shule ya sekondari ya binafsi, ya bweni, karibu na mji wa Masaka. Nyumbani nilifundisha kidato cha kwanza na cha pili kwa miaka minne, kwa hiyo nilivuka mpaka wa Mutukula nikijiona mwalimu aliyekwisha kuiva. Wiki ya kwanza tu ilitosha kunirudisha kwenye dawati.

Kwetu, kama wengi mnavyojua, mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na mwalimu anayemwonea huruma humfasiria. Mimi nilikuwa nikifasiri bila kujitambua: neno gumu likitokea ninalitaja, ninatoa maana yake kwa Kiswahili, darasa linaitikia "aaah", tunasonga mbele. Hapa, siku yangu ya tatu, tulifika kwenye neno "reluctant" na ulimi ukaitangulia akili: "Yaani mtu anayesitasita." Darasa zima likanyamaza, kisha likaangua kicheko, na kijana mmoja wa kiti cha nyuma akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama niliwahi kuwa askari. Sikuelewa swali lake, na mpaka leo sijalielewa vizuri.

Wanafunzi wenyewe wanazungumza Kiingereza kwa wepesi unaonitia haya. Mimi ninaijua sarufi, lakini wao wana maneno mdomoni. Nje ya darasa nako sijui nishike lugha gani. Nilipouliza bei ya nyanya kwa Kiswahili katika soko la Nyendo, mama muuzaji alinitazama kwanza kwa muda, kisha akanijibu kwa Kiingereza kifupi kisicho na tabasamu. Katika chumba cha walimu wenzangu wanazungumza Kiganda, nami ninacheka wanapocheka. Naomba mliotangulia mniambie: mnafundishaje neno jipya bila kupita kwenye lugha ya nyumbani, na mnaishije na watu ambao Kiswahili kinawatia wasiwasi?

Mwalimu wa Mukono amejibu:

Karibu sana Uganda, dada. Mimi ni mtu wa Morogoro na huu ni mwaka wangu wa sita huku Mukono, kwa hiyo kicheko hicho ninakifahamu. Changu kilikuja siku ya kwanza, tena mbele ya mkuu wa shule.

Nianze na darasa, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi. Miaka yote niliyofundisha nyumbani nilidhani ninawafundisha watoto maneno ya Kiingereza, kumbe nilikuwa nikiwapa maneno ya Kiswahili ambayo tayari walikuwa nayo. Mtoto aliyeambiwa kwamba neno fulani ni "kusitasita" alitoka darasani akiwa na "kusitasita", na la Kiingereza akaliacha ubaoni. Nilipokosa pa kukimbilia ndipo nilipolazimika kulifundisha neno lenyewe. Kwa hilo lako, mimi huchora mbuzi anayevutwa kwa kamba kuvuka daraja wakati mvua inanyesha. Miguu ya mbele imegoma, kamba imekazwa, mwenye mbuzi analowa. Ninasema sentensi moja kuhusu mbuzi huyo, kisha ya pili kuhusu mwanafunzi anayeamshwa kengele ya alfajiri inapolia, kisha ninauliza ni nani darasani aliyetoka kitandani asubuhi ile kama mbuzi wangu. Mikono inapanda. Mwisho ninauliza kama mtoto anayekimbilia kwenye foleni ya chakula anastahili kuitwa hivyo, na hapo ndipo ninapojua nani ameelewa na nani anaitikia tu. Usiulize kamwe kama wameelewa, kwa maana watakujibu "yes, madam" kwa sauti moja hata kama umewasomea bei za saruji.

Usiku kabla ya kipindi, pitia somo lako na uyapigie mstari maneno ambayo unajua yatakutamanisha kurudi kwenye Kiswahili. Kwa kila moja andika sentensi mbili kutoka katika maisha ya watoto hao: bweni, boda boda, shamba la migomba, mechi ya Jumamosi. Muhula wangu wa kwanza kazi hiyo ilinila saa nzima kila usiku, na siku hizi huimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Kuhusu ufasaha wao, usitishike sana. Watoto wa mijini na wa shule nyingi za binafsi huanza kusoma kwa Kiingereza darasa la kwanza. Wale wa vijijini, kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, husoma madarasa matatu ya kwanza kwa lugha ya eneo lao, la nne likiwa la mpito, ndipo Kiingereza kinashika usukani. Kwa hiyo mdomo wao ni mwepesi kweli, lakini wape imla ya mistari minane uone. Utakuta wali umegeuka chawa, "rice" imeandikwa "lice", na wala si uzembe. Katika Kiganda, "r" huandikwa baada ya "i" na "e", na kwingineko ni "l". Mwenye lugha hiyo anazisikia kama sauti moja iliyobadili shati. Siku niliyoandika kanuni hiyo ubaoni, mimi Mtanzania, na kuwaonyesha kwamba Kiingereza hakiifuati, darasa lilinitazama kwa jicho jingine. Tangu hapo tunafanya zoezi la jozi za maneno dakika tano kila Jumatatu, na wanacheka makosa yao wenyewe badala ya yangu.

Utakutana pia na Kiingereza cha Uganda, ambacho kina adabu zake. Mtu atakukuta umekaa chini ya mwembe hufanyi lolote na atakuambia "well done"; anakusalimu, kwani ndiyo "gyebale" ya Kiganda iliyovaa suti. Ukikosekana siku tatu utaambiwa "you are lost", na hapo sisi Waswahili hatuna la kushangaa maana nasi husema "umepotea". Usiwasahihishe watu barazani. Darasani waeleze tu kwamba msahihishaji wa insha anatarajia matumizi mengine.

Mambo mawili ya kazi usiyachezee. La kwanza ni alama: kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, asilimia 20 ya matokeo ya mwisho inatokana na kazi zinazofanyika shuleni, na 80 ndiyo ya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kwa hiyo rekodi zako zianze sasa na zikae sawa. La pili ni fimbo. Kwetu kanuni bado zinamruhusu mkuu wa shule kutoa adhabu ya viboko kwa kiasi. Huku Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeipiga marufuku shuleni. Utaona mwenzako ameshika kiboko na utaambiwa ni jambo la kawaida. Wewe usikishike.

Na usicheke peke yako, kwa sababu mimi nilipoajiriwa niliambiwa kwamba shule inatoa posho kila siku, mchana na jioni. Nilimpigia mama simu kumjulisha kwamba nimepata kazi yenye marupurupu. Kesho yake posho ikaletwa kwenye sahani, na maharagwe juu: huku ndilo jina la ugali.

Mzee wa Nyendo amejibu:

Marahaba, mwanangu. Mimi ni Muganda wa hapa hapa Nyendo, na ninataka kukujibu lile swali la askari, kwa kuwa kijana yule hakukutukana. Amelirithi kutoka kwa babu yake bila kujua.

Kwa Waganda wengi wa rika langu, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Wakati wa Amin, aliyekisema mara nyingi alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha barabarani na bunduki begani, na maneno yake yalikuwa ya kuamrisha: toa, lala chini, leta. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, jambo ambalo halikukiongezea wapenzi. Kisha mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yakaingia Masaka, na mji huu ukabomolewa vibaya sana. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikimbilia kijijini kwa shangazi, na tuliporudi tulikuta nyumba zisizo na mapaa na askari wengine wanaozungumza lugha ileile ya vizuizini. Tuliwaita bakombozi, neno ambalo wewe huhitaji kufasiriwa.

Mmoja wao alikuwa mpishi. Alikuwa akitutuma maji, sisi watoto, na kila alipotutuma alianza na "tafadhali" na kumaliza na "ahsante". Ndugu yangu mdogo aliniuliza ile "tafadhali" ni amri ya namna gani, kwa sababu hatukuwahi kuisikia kizuizini. Kiswahili ninachokuandikia nilianza kujifunza kwenye jiko lile.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini mama wa nyanya hakai katika baraza la mawaziri. Ukimjia ghafla na Kiswahili, kwanza anatafuta sare, asipoiona anatafuta sababu. Kwa hiyo umtangulizie Kiganda, hata kama ni maneno matatu. Asubuhi mwambie "Wasuze otya, nnyabo", ukimkuta kazini mwambie "Gyebale ko", na subiri ajibu yote mpaka mwisho, maana salamu yetu ni ndefu na anayeikata anaonekana ana deni la kukimbia. Wasichana wetu hupiga magoti kumsalimu mkubwa; wewe mgeni hatukudai, ila kukunja goti kidogo kutapokelewa vizuri, na sidhani kama mwanamke wa Tanga anahitaji kufundishwa heshima. Baada ya salamu, endelea na Kiswahili chako hicho cha pwani. Kitamshangaza kwa utamu, kwa kuwa huenda hajawahi kukisikia kikisemwa taratibu.

Na Kiganda hakitakuwa kigeni kama unavyodhani. Kitabu ni "ekitabo", kalamu ni "ekkalaamu", meza ni "emmeeza", na saa zetu tunazihesabu kama zenu: jua likishachomoza tunaanza saa moja.

Karani wa Hati amejibu:

Wenzangu wameshughulikia darasa na soko, mimi nizungumzie karatasi, kwa sababu nimeona walimu wazuri wakirudishwa nyumbani kwa kosa la karatasi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama nafasi ya kufanya kazi katika nchi nyingine, lakini haifuti kibali cha kazi. Wewe Mtanzania huhitaji viza kuingia Uganda, na mihuri ya Mutukula hugongwa upesi, lakini muhuri wa mgeni si ruhusa ya kufundisha. Maombi ya kibali hufanywa kwa mtandao katika idara ya uhamiaji, na barua ya mwajiri ni mojawapo ya viambatisho, kwa hiyo shule isikuambie kwamba hilo ni jambo lako binafsi. Malipo yoyote ya serikali yana namba yake na hulipwa benki au kwa simu. Anayekuomba fedha mkononi kando ya mlango wa ofisi hakuombei serikali. Vyeti vyako vya sekondari vya Tanzania hulinganishwa na UNEB, na shahada hutambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Anza mapema, kabla hujaombwa.

Kuhusu mshahara, usiulinganishe na wa nyumbani kwa kuhesabu tarakimu, kwa kuwa shilingi ya Uganda ni nyepesi kuliko ya Tanzania na milioni ya huku haifiki milioni ya huko. Asilimia 5 itakatwa kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa huku, na mwajiri anatakiwa kuongeza 10 kutoka mfukoni mwake. Kodi ya mapato kwa mkazi huanza kukatwa mshahara wa mwezi ukizidi 235,000. Na ulizia likizo. Mwaka wa shule una mihula mitatu, kwa hiyo likizo ni tatu, na ile ya mwisho wa mwaka ni ndefu. Mimi niliwahi kufundisha mahali ambapo mkataba ulisema "mshahara wa kila mwezi", nikaja kugundua Desemba kwamba kwao Desemba na Januari si miezi.

Mgeni wa Tanga ameandika tena:

Ninawashukuru wote, na Mzee, shikamoo kwa mara ya pili. Nilisoma majibu yenu usiku mmoja na kuyatumia kwa wiki mbili kabla ya kurudi hapa, ili nisije na shukrani tupu.

Neno nililoanza nalo lilikuwa "bargain". Badala ya kulieleza, niliwasimamisha wanafunzi wawili mbele, mmoja akawa na rundo la vitabu kama nyanya, mwingine mteja, na nikawakataza kuuziana mpaka washushane bei mara tatu. Kiganda kilipenya mara mbili na darasa zima likamzomea muuzaji, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Jioni yake mwalimu mwenzangu wa historia aliniuliza kama ningependa tubadilishane nusu saa kila siku, yeye anipe Kiganda na mimi nimpe Kiswahili, kwa sababu shule inatafuta mtu wa kusaidia kipindi cha Kiswahili na haijampata. Sikutegemea kwamba kile kilichochekwa wiki ya kwanza kingeulizwa bei wiki ya sita.

Nina maswali mawili madogo yaliyobaki. Karani, makato ya NSSF ninayaona kwenye hati ya mshahara, lakini sijapewa namba yoyote ya uanachama. Je, ni kawaida? Na Mwalimu wa Mukono, ninaishi ndani ya shule, lakini wenzangu wananishawishi nipange chumba nje. Wanakiita "muzigo", na mara ya kwanza nilidhani wananiambia nikabebe kitu.

Karani wa Hati amejibu:

Si kawaida, dada. Makato bila namba ni fedha isiyo na jina. Iombe namba hiyo kwa maandishi kutoka kwa mhasibu wa shule, kisha uende mwenyewe katika ofisi ya mfuko iliyo karibu ukahakikishe kwamba michango inaingia kila mwezi, ya kwako na ya mwajiri.

Mwalimu wa Mukono amejibu:

Muzigo ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vilivyoshikana, na majirani zako watajua umepika nini kabla hujapakua. Mimi ningekushauri umalize mwaka ndani ya shule, maana kodi ya miezi ya mwanzo hutakiwa kwa pamoja, tena umeme ni wa kulipia kabla. Wanauita "Yaka", ndiyo LUKU yao. Lakini nisikufiche: Kiganda changu chote nilijifunza kwenye muzigo, nikisubiri zamu ya kamba ya kuanikia nguo, na katika nyumba ya shule hata "webale", yaani ahsante, nilikuwa ninaikosea.

Mgeni wa Tanga ameandika:

Nitamaliza mwaka basi, kisha nitafute kamba ya kuanikia. Mzee, nilisahau kukuambia la sokoni. Nilimrudia yule mama, nikamsalimu mpaka mwisho kama ulivyoagiza, akaniuliza nimelalaje, watoto wakoje na shule ikoje. Aliponipimia nyanya akatupia mbili juu na kusema ile ni "ennyongeza" yangu. Nikamwambia, mama, nyongeza ni neno letu la Kiswahili. Akakataa kabisa. Akasema ni Kiganda, tena cha zamani.

Mzee wa Nyendo amejibu:

Usibishane naye, mwanangu. Chukua nyanya.